Punje za Mtama Kwenye Njia ya Tembo

Nilizaliwa katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Liwale, mkoani Lindi, mahali ambapo mtoto hujifunza kupiga debe kabla hajajua kutaja majina ya wanyama wanaofukuzwa kwa debe hilo. Kila mwaka, mahindi na mtama vilipoanza kubeba, baba alihamia shambani na kulala katika dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo nne, naye hakurudi kulala nyumbani mpaka mavuno yalipokwisha. Ngedere walikuwa wa mchana na walituhusu sisi watoto. Usiku ulikuwa wa nguruwe pori na wa tembo, na nyuma ya nguruwe pori alikuwepo simba, ambaye kwetu jina lake halikutajwa baada ya jua kutua. Nikiwa mtu mzima nilikuja kusoma kwamba kati ya 1990 na 2004 watafiti walihesabu Watanzania zaidi ya 563 waliouawa na simba na zaidi ya 308 waliojeruhiwa, Lindi ikiwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi, na kwamba mashambulizi mengi yaliangukia msimu wa mavuno, kwa sababu nguruwe pori hufuata mazao, simba humfuata nguruwe, na mkulima amelala papo hapo katikati yao. Nilipozisoma takwimu hizo nililikumbuka dungu la baba na ngazi yake ya miti, ambayo alikuwa akiivuta juu kila alipokwisha kupanda.

Kwa malezi hayo, sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kulipa kiingilio ili akamwone tembo. Aliyenisukuma ni mwanafunzi wa kidato cha pili, katika shule ninayofundisha jiografia wilayani Masasi. Nilikuwa nikiwaonyesha picha za nyumbu wa Serengeti wakivuka Mto Mara, nikieleza kwa ufasaha wote nilionao kuhusu uhamaji wa wanyama, ndipo akanyoosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, na wa kwetu huku umewahi kuwaona?" Nilijibu kwamba nimewahi kuwasikia. Darasa lilicheka kwa heshima, lakini swali lile halikuniacha, na mwishoni mwa Juni mwaka huo, baada ya shule kufungwa, mimi na walimu wenzangu wawili tulikodi gari na dereva tukaelekea Pori la Akiba la Lukwika-Lumesule.

Pori hilo liko Wilaya ya Nanyumbu, mkoani Mtwara, na upande wake wa kusini ni Mto Ruvuma, ambao ng'ambo yake ni Msumbiji, kwenye hifadhi kubwa ya Niassa. Watu wengi wa Mtwara mjini niliozungumza nao hawajui hata kama lipo. Ifahamike kwamba pori la akiba si hifadhi ya taifa: uwindaji wa kitalii kwa kibali unaruhusiwa humo, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, yaani TAWA. Msimu wa uwindaji huanza Julai, na ndiyo sababu tuliharakisha kwenda Juni, ingawa nyasi zilikuwa bado ndefu. Kutoka Masasi hadi Mangaka ni lami na mwendo wa saa moja hivi. Baada ya hapo ni vumbi na mchanga. Ndani hatukukuta hoteli wala duka, hivyo tulibeba wenyewe maji, unga, mkaa, mahema, mafuta ya ziada na matairi mawili ya akiba, na ninamshauri anayekusudia kwenda huko asipunguze hata kimoja katika hivyo.

Siku ya kwanza tuliipoteza, na tuliipoteza kwa mikono yetu. Tulikuwa na askari wa wanyamapori tuliyepewa kutuongoza, mtu wa makamo, Myao wa kijiji cha jirani, mpole wa maneno, lakini sisi tuliingia porini kama watu wanaokwenda harusini: redio ya gari ikiwaka, mazungumzo yakipanda, dereva akikimbilia kila kona kwa matumaini kwamba nyuma yake kundi la wanyama linatungoja. Picha za kaskazini zilikuwa zimetuharibu macho. Tulikuwa tukitafuta uwanda, ilhali kusini ni nchi ya miombo, msitu wa miti iliyoachana kiasi cha kumruhusu mtu kupita na iliyokaribiana kiasi cha kumfunika mnyama mzima hatua thelathini tu kutoka barabarani. Kufikia jioni tulikuwa tumeona migongo ya ngiri wakikimbia na mikia juu, kundi dogo la swala pala, na kitu cha kahawia ambacho kila mmoja wetu alikipa jina lake.

Juu ya hayo, mimi nilikuwa nimevaa suruali ya buluu iliyokoza. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, na ndiyo maana mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Nilikuwa nimewafundisha wanafunzi jambo hilo miaka mingi katika mada ya malale, nikalisahau siku niliyolihitaji. Walinitoboa mapajani hadi damu ikaonekana juu ya kitambaa. Askari hakusema neno. Alimwomba dereva asimame, akashuka, akaokota kinyesi kikavu cha tembo, akakiweka ndani ya kopo la maziwa lililotobolewa matundu, akakiwasha na kulitundika kopo lile nyuma ya gari. Moshi wake haukuwa mbaya kama nilivyotarajia, ulinukia kama nyasi zilizoungua, na mbung'o walipungua. Jioni nilibadili suruali.

Usiku, tukiwa kambini karibu na mto, simba alinguruma. Mngurumo wa simba husikika hadi umbali wa kilomita nane, kwa hiyo huenda alikuwa mbali sana, lakini mwili wangu haukupokea hesabu hiyo. Nilijikuta nimeketi wima ndani ya hema, natafuta ngazi ya kuvuta juu. Kulipokucha askari alituambia, bila kulaumu, kwamba kama tumekuja kuendesha gari basi ataendelea kutusindikiza, ila kama tumekuja kuona wanyama, gari libaki kambini na tutembee.

Tulitoka kabla ya jua, askari mbele na bunduki yake, mwenzake mwenye bunduki ya pili nyuma, sisi katikati mstari mmoja. Mkononi alikuwa na kifuko cha kitambaa cheupe kilichojaa majivu laini ya kuni. Kila baada ya hatua kadhaa alikitikisa kidogo, majivu yakatoka kama pumzi, naye akatazama yanaelekea wapi. Yakirudi kwetu, tuliendelea, na yakitangulia mbele yetu, tulizunguka. Katika mwendo wote ule hakuna chombo kilichofanya kazi zaidi ya kifuko hicho, kwa maana tembo haoni mbali, lakini kwa pua hakuna anayemshinda.

Tulipofika kwenye korongo la mchanga aliinua mkono, tukasimama. Palikuwa na nyayo. Alituonyesha kwamba unyayo wa mguu wa mbele ni wa mviringo, na wa nyuma umerefuka kidogo kama yai, na kwamba nyufa za nyayo hazifanani kati ya tembo na tembo, kama zilivyo alama za vidole vya watu. Kisha akatoa kamba ya katani mfukoni, akaizungusha kwenye ukingo wa unyayo mmoja wa mbele na kunipa niipime kwa shubiri. Nilipata shubiri sita. "Zidisha mara mbili, Mwalimu," akasema, "ndipo bega lake lilipo." Shubiri kumi na mbili za mkono wangu ni zaidi kidogo ya mita mbili na nusu. Niliinua macho na kutazama hewa tupu juu ya unyayo ule, nikakisia bega lingefika tawi gani la mti wa jirani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona tembo, ingawa hakuwepo.

Hatua chache mbele kulikuwa na kinyesi, bado kina unyevu, na dundu walikuwa wameshaanza kazi yao. Askari alichuchumaa, akakigusa kwa nyuma ya mkono kama mtu anayepima homa ya mtoto, kisha akakipasua kwa kijiti. Ndani yake mlikuwa na nyuzi za magome, majani yaliyosagwa nusu, na katikati ya vitu hivyo punje za mtama, nyeupe, nzima kabisa, nyingi. Alizikusanya kiasi cha kujaza kiganja na kunionyesha. Ndani ya pori lile hakuna anayelima mtama.

Sikuwa na la kusema. Nilizitambua punje zile kama mtu anavyotambua kanga ya mama yake. Mtama mweupe huo huo ndio tuliokuwa tukiuanika juu ya jamvi, na kiganja kimoja kama kile kilikuwa kipimo cha kuku mmoja kwa siku. Mtu fulani, nje ya mpaka, alikuwa ameamka asubuhi ya jana akakuta mabua yamelala. Nilijikuta nikiuliza, kwa ukali nisioukusudia, kwa nini basi tunamfuata mnyama huyu kwa adabu kubwa namna hii. Askari aliziachia punje zikaanguka, akafuta mkono kwenye suruali. "Shamba lenyewe ni la shangazi yangu," akasema. "Tukitoka nitakupeleka, umpe pole."

Tukaendelea. Jua lilipokuwa limepanda, ndege mdogo wa rangi ya udongo alianza kutupigia kelele, akiruka kutoka mti hadi mti na kurudi, mlio wake ukiwa kama kiberiti kinachotikiswa ndani ya kisanduku. Alikuwa mlembe, yule aonyeshaye watu mizinga ya nyuki ili wakishapata asali yeye apate nta. Bibi yake askari alitokea ng'ambo ya Ruvuma, na huko warina asali wa Kiyao humwita ndege huyo kwa sauti maalumu, mtetemo wa ulimi unaoishia na mguno mfupi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kutoka Niassa, ilionekana kwamba anayetumia sauti hiyo huongeza uwezekano wa kuufikia mzinga kutoka asilimia 16 hadi 54, akilinganishwa na anayetoa sauti nyingine. Nilimwomba askari atusikilizishe. Alikataa kwa upole, akaeleza kwamba si vyema kumwita mlembe kama huna nia ya kumfuata, kwa sababu ukimdanganya leo, kesho hatakuja kwa mwenye haja. Ndege alitufuata kwa muda mrefu, kisha akakata tamaa.

Saa nne hivi tulifika kwenye ukingo wa juu wa Ruvuma, tukalala kifudifudi nyuma ya kichuguu. Majivu yalirudi usoni mwetu. "Ndembo," askari akanong'ona kwa Kiyao, na hakuonyesha kwa kidole, alionyesha kwa kidevu.

Walikuwa kumi na moja, chini yetu, kwenye mchanga kati ya nyasi na maji. Nilichokiona kwanza ni namna walivyosimama wamebanana, ubavu kwa ubavu, vichwa vikitazama nje, na katikati ya miguu yao mtoto mmoja ambaye hakuwa amefikia tumbo la mama yake. Jike mkubwa alitangulia. Sikio lake la kushoto lilikuwa na pengo kama karatasi iliyochanwa. Aliinua mkonga, akaupinda kuelekea kila upande kwa zamu, akausimamisha upande wetu kwa muda ambao sikuthubutu kuvuta pumzi, kisha akaushusha majini. Hapo ndipo wengine walipokunywa. Mtoto hakujua bado kutumia mkonga wake. Aliuchovya, akautoa, ukamwaga maji yote kabla haujafika kinywani, mwishowe akapiga magoti na kunywa kwa mdomo kama mbuzi. Mwenzangu alikuwa na kamera yenye lenzi ndefu, na mlio wake mdogo kila alipopiga picha ulinikera kuliko mbung'o wa jana.

Askari alituambia baadaye kwamba tembo wa ukanda huu hubanana hivyo kwa sababu wanatukumbuka. Katika Pori la Akiba la Selous, ambalo wakati huo lilifika hadi Liwale kwetu, sensa ya mwaka 1976 ilikadiria tembo wapatao 109,000. Ile ya mwaka 2013 ilikadiria 13,000 tu. Waliokosekana walikwenda na meno yao, na hali ilikuwa mbaya vivyo hivyo Niassa, ng'ambo ya mto tuliokuwa tukiutazama. Miaka ile ya mwisho nilikuwa chuoni, na nakumbuka vizuri simu kutoka nyumbani zikisema kwamba mwaka huu mavuno ni mazuri, tembo wamepungua, Mungu ametusikia. Sisi sote tulishukuru. Sikumbuki hata mmoja wetu, pamoja na mimi niliyekuwa nikisomea ualimu wa jiografia, aliyeuliza tembo wale wamekwenda wapi. Tangu mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori lile imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na wazee wa kijijini wanasema tembo wanaonekana tena. Dungu nalo limerudi.

Walipokwisha kunywa, jike mkubwa aliingia mtoni na wengine wakamfuata, mtoto akiwa upande wa juu wa mkondo, amezuiwa na mguu wa mama asichukuliwe na maji. Ruvuma mwezi Juni si mto wa kina kirefu mahali pale, yaliwafika tumboni. Tuliwatazama mpaka walipopanda ukingo wa Msumbiji na kupotea kwenye miti. "Sheria yangu inaishia katikati ya maji," askari akasema, akasimama na kujipangusa mchanga magotini.

Siku mbili zilizofuata tuliona mengi, kwa kuwa sasa tulikuwa tukitazama chini kabla ya kutazama mbele: palahala dume mweusi mwenye pembe zilizopinda hadi mgongoni, akisimama katika eneo lililochomwa moto wa mapema ambamo nyasi changa zilikuwa zimechipua, viboko, kongoni, na nyayo za mbwa mwitu ambao hatukuwaona wenyewe. Sitayaeleza yote. Kwa macho yangu, safari ilikuwa imekwisha pale kwenye korongo.

Tulipotoka, askari alitimiza ahadi yake. Shangazi yake alikuwa mama wa umri wa miaka sitini hivi, amekaa chini ya mkorosho akipukuchua kilichosalia. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akatupisha kwenye jamvi na kututaka radhi kwamba hana cha kutupikia, jambo lililoniumiza kuliko kama angelalamika. Shamba lake lilikuwa la ekari mbili. Tuliingia ndani yake pamoja. Mabua yalikuwa yamelazwa kuelekea upande mmoja, kama nywele zilizochanwa, na katikati kulikuwa na duara lililokanyagwa hadi udongo ukawa sakafu. Alikuwa amefunga kamba yenye makopo kuzunguka shamba na kuchoma pilipili iliyochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, njia waliyofundishwa na maofisa, nayo ilimsaidia kwa wiki kadhaa, mpaka usiku ule upepo ulipogeuka.

Serikali ina malipo yanayoitwa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama wakali, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa. Si fidia, na majina yenyewe yanasema hivyo. Kifuta jasho hulipwa kwa ekari, kiasi chake hutegemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na shamba lililo karibu mno na mpaka halipati kitu. La mama huyu lilikuwa mbali ya kutosha kustahili. Mwaka uliotangulia alikuwa amejaza fomu kwa hasara kama hiyo, akapimiwa, akaweka dole gumba, na hadi tunazungumza hakuwa amepata jibu. Ninaandika hili kwa sababu nimeona watalii, na sasa mimi ni mmoja wao, wakisifu uhifadhi bila kujua ni nani aliyetangulia kulipa kiingilio kwa niaba yao.

Mwenzangu, pengine kwa kutojua la kufanya na kimya kile, alimwonyesha picha kwenye kamera. Nilitaka kumzuia, nikachelewa. Mama aliishika kamera kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye kivuli, akatazama kwa muda mrefu. Alikuwa amelinda shamba dhidi ya tembo maisha yake yote na, kama alivyotuambia, mchana hakuwahi kuwaona vizuri. Aliwajua kwa sauti ya mabua na kwa nyayo za asubuhi. Akaanza kuhesabu kwa kidole juu ya kioo. "Kumi na moja," akasema. "Mimi kwa nyayo nilipata tisa." Kisha akamfikia mtoto aliyepiga magoti majini, akanyamaza, akauliza anakunywa nini namna hiyo. Tulimweleza. Alitabasamu kidogo, akatikisa kichwa, akarudisha kamera.

Tulipokuwa tukiaga, aliniita pembeni. "Mwanangu Mwalimu," akasema, "hiyo picha nisafishie. Niiambatanishe na fomu, waone walikuwa wangapi."

Nilisafisha nakala mbili Masasi mjini. Moja nilimpelekea kwa mkono wa mpwa wake, ikiwa na tarehe na mahali nilipoandika kwa kalamu nyuma yake. Nyingine niliibandika darasani, kando ya picha ya nyumbu wa Mto Mara, na chini yake, ndani ya mfuko mdogo wa plastiki, niliweka punje saba za mtama ambazo mama yule alinipa kutoka kwenye ungo wake.